Mkono ufunge, moyo uachie: jibu kwa mama wa Newala aliyezidiwa

SWALI: Shehe, assalamu alaykum. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Newala. Mume wangu alipata kiharusi mwezi wa nne. Upande wa kulia umelala na maneno hayatoki vizuri. Nilikopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, 500,000 za matibabu, marejesho ni 35,000 kila wiki kwa wiki 20, nimeshalipa 8. Nauza vitumbua, faida kama 5,000 kwa siku, siku sita. Mikorosho imeanza kutoa maua ila salfa, ile dawa ya unga ya kupuliza, niliyonayo haitoshi. Kuna mtu anataka kununua korosho zikiwa juu ya mti. Shemeji anasema tumerogwa, niende kwa fundi wa uganga na 300,000. Majirani wananiambia nimwachie Mungu, na nikilia wanasema imani yangu ndogo. Nasali swala tano, usiku naamka kusali, lakini kifua hakiachii, usingizi hauji, na siku nyingine natamani nisiamke. Kumtegemea Mungu ni kufanya nini hasa?

JIBU: Wa alaykumu salaam, dada yangu. Nianze na neno uliloliweka karibu na mwisho, maana ndilo zito kuliko yote.

Kutamani usiamke hakujakutoa kwenye imani. Bibi Maryam, uchungu wa uzazi ulipomshika peke yake kwenye shina la mtende, alisema laiti angekufa kabla ya siku ile akawa kitu kilichosahauliwa kabisa (Sura Maryam, aya ya 23). Qur'ani imelitaja neno lake na haikumkemea. Alichopewa ni maji, chakula, na kuambiwa asihuzunike. Basi usilionee haya neno lako, ila usilifiche. Leo, kabla jua halijazama, mwambie mtu mmoja unayemwamini, dada yako, shangazi au mke wa imamu, kwa maneno yale yale uliyoniandikia mimi, na umwombe alale kwako siku chache. Viuatilifu vya mikorosho vilivyomo nyumbani vipeleke kwa jirani vikae huko mpaka siku ya kupuliza. Na ukiona fikra imetoka kwenye kutamani ikaingia kwenye kupanga, usingoje kupambazuke: nenda hospitali ya wilaya usiku huohuo, na mtu akusindikize.

Hata isipofika huko, nenda wiki hii. Usingizi unaokataa na kifua kisichoachia kwa zaidi ya wiki mbili ni dalili ambazo daktari anazijua na anazo tiba zake, na wakiona haja watakupa rufaa kwenda hospitali ya Ligula, Mtwara. Mtume (s.a.w.) aliwaambia waja wa Mungu wajitibu, Hadithi hiyo wameipokea Abu Dawud na Tirmidhi. Hakubagua maradhi ya mguu na maradhi ya moyo uliochoka.

Sasa hao wanaokwambia machozi ni imani ndogo. Wanakuambia kwa mapenzi, lakini wamekosea. Nabii Yakub alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni (Sura Yusuf, 12:84). Wanawe wakamlaumu kama unavyolaumiwa wewe, akawajibu kwamba sikitiko lake na huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu (12:86). Na Mtume wetu alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa machozi, akasema jicho linalia na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Iko kwa Bukhari. Subira inauzuia ulimi usimlaumu Mungu na mkono usivunje amri yake. Tezi za machozi haikuzifunga.

Lakini mtazame Yakub zaidi ya kilio chake, kwa kuwa swali lako lote limo kwenye sura ile moja. Alipowatuma wanawe Misri aliwaambia wasiingie kwa mlango mmoja, waingie kwa milango mbalimbali. Hapo hapo akasema hawezi kuwakinga na lolote litokalo kwa Mungu, na kwamba kwake Yeye ametegemea (12:67). Mpango na tawakali, yaani kumtegemea Mungu, katika aya moja. Baadaye, akiwa kipofu wa majonzi, akawaambia waende wakamtafute Yusuf na ndugu yake, wala wasikate tamaa na rehema ya Mungu (12:87). Analia, anashitaki kwa Mola wake, anapanga, anatuma watu. Hakungoja huzuni iishe ndipo aanze kutegemea.

Hiyo ndiyo tawakali: mkono una kazi yake na moyo una kazi yake. Mkono unafanya sababu zote halali zilizo ndani ya uwezo wake. Moyo unaiachia Mungu natija, hauuning'inizi wokovu wake kwenye zile sababu. Mtu aliyemuuliza Mtume amfunge ngamia au amwache atawakali aliambiwa amfunge na atawakali (Tirmidhi). Ndege waliopigiwa mfano wa tawakali, katika Hadithi nyingine ya Tirmidhi, huondoka asubuhi matumbo matupu na hurudi jioni wameshiba. Kwanza wanaondoka kiotani.

Mtu anapozidiwa hubadilisha kazi hizo mbili, na hapo ndipo panapoharibika. Mkono anauachia Mungu: haendi kuongea na anayemdai, hahesabu, hapulizi, anasema Mungu atajua. Kisha moyo anaupa kazi ya Mungu: usiku kucha anajaribu kuamua mume atapona lini, bei ya korosho itakuwaje, watoto watakuwa nani. Mkono umelala, moyo unakesha. Unavyoeleza kifua chako, dada, sioni upungufu wa imani. Naona moyo uliobebeshwa mzigo usio wake.

Msemo wetu wa jitihada haiondoi kudura ni wa kweli, ila watu huutumia kumkalisha mtu chini. Khalifa Umar alipokuwa njiani kwenda Sham, yaani Syria, akafika mahali paitwapo Sargh, akasikia kuna tauni mbele, akageuza msafara. Sahaba Abu Ubayda akamuuliza kama anakimbia kudura ya Mungu. Akajibu ndiyo, tunakimbia kutoka kudura ya Mungu kwenda kwenye kudura ya Mungu. Jitihada yako nayo imo ndani ya kudura.

Aya ambayo nadhani umeambiwa mara nyingi ni ile ya Sura Talaq, kwamba anayemcha Mungu atamfanyia njia ya kutokea, atamruzuku asikotazamia, na anayemtegemea Yeye humtosha (65:2-3). Fungua msahafu uone imekaa wapi. Kabla yake pana amri ya kuhesabu eda na kusimamisha mashahidi wawili waadilifu; baada yake pana makazi, matumizi ya mjamzito na ujira wa kunyonyesha. Aya kubwa ya tawakali imewekwa katikati ya hesabu, tarehe na mashahidi. Basi na sisi tuchukue kalamu.

Deni kwanza, kwa sababu ndilo linalokukosesha usingizi. Faida yako ni 30,000 kwa wiki na rejesho ni 35,000. Hata msile, kila wiki mnapungukiwa 5,000. Huu si udhaifu wako wala dhambi yako, ni mkataba usiobebeka, na kuendelea kuubeba kimya kimya ndiko kunakozaa mkopo wa pili wa kulipia wa kwanza. Umeshalipa 280,000. Zimebaki wiki 12, yaani 420,000. Katika mtaji uliopokea zimebaki 220,000 tu. Qur'ani inampa mkopeshaji aliyetubu riba haki ya rasilimali yake, asidhulumu wala asidhulumiwe, na mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka afarijike (2:279-280). Mkataba uliotia sahihi unaweza kusema vingine, lakini hesabu hiyo ndiyo ya kwenda nayo mezani.

Nenda siku mbili kabla ya siku ya rejesho. Ukisubiri ukose ndipo uende, utapokewa kama mkimbizi wa deni. Nenda na watu wazima wawili, mmoja awe mzee anayeheshimika. Omba nakala ya mkataba kama hukupewa. Uliza leseni yao ya Benki Kuu, kwa sababu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji wa namna hiyo awe nayo. Sema kiasi unachoweza bila kulaza watoto njaa, tuseme 12,000 au 15,000 kwa wiki, na salio baada ya malipo ya korosho. Usitaje kiasi kikubwa kwa woga. Ahadi utakayoivunja wiki ya pili itakupunguzia heshima na nguvu. Wakikubali, iandikwe, mashahidi watie sahihi. Kama wameshikilia kadi yako ya benki, au ya mumeo, lipeleke jambo hilo kwa mtendaji na afisa maendeleo ya jamii. Usilinyamazie mpaka msimu wa malipo ufike.

Kisha nenda kwa imamu na tarakimu hizo hizo. Miongoni mwa mafungu nane ya zaka limo fungu la wenye madeni (9:60). Deni la matibabu limo humo, na kulipokea fungu hilo si kuombaomba. Wengi kwenye misikiti yetu wanadhalilika na kausha damu ilhali kamati haijui kwa kuwa hakuna aliyesema, na mficha uchi hazai. Kwa baadaye, uliza halmashauri mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Inapita kwenye vikundi na ina hatua nyingi, kwa hiyo haitaokoa wiki hii. Usiiwekee matumaini ya Ijumaa.

Yule anayetaka kununua korosho zikiwa juu ya mti, mkatalie. Najua fedha ya mkononi inavyong'aa kwa mtu anayedaiwa, na kangomba, mnunuzi wa korosho nje ya utaratibu, anajua mwezi wa kuja. Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza matunda kabla uzima wake haujadhihiri, akauliza: ikiwa Mungu amezuia tunda, mmoja wenu atachukua mali ya nduguye kwa haki gani? Kwa mikorosho tunalielewa vizuri swali hilo, maana ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, ukishika maua hakuna tunda. Na sheria ya nchi nayo inataka korosho ghafi ziuzwe kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, kupitia chama cha msingi cha ushirika na mnada. Kabla hujashawishika, chukua kilo anazozitaka, zidisha na bei uliyolipwa na chama msimu uliopita, toa fedha anayokupa. Tofauti hiyo ndiyo bei ya woga wako.

Salfa haitoshi? Usiinyunyize kidogo kidogo kila mti ili nafsi itulie. Chagua mikorosho inayozaa vizuri na iliyoanza kutoa maua, uipulize hiyo kwa kiwango kamili na uirudie kwa wakati. Alfajiri, umande ukiwa bado upo na upepo umetulia, unga unashika. Jua likipanda unapeperuka. Kiwango cha kila mti akupe bwana shamba. Na nenda chama cha msingi ukaulize kama jina la mume wako limo kwenye daftari la wakulima waliosajiliwa, maana pembejeo za ruzuku hufuata daftari hilo.

Ukiwa hapo hapo, uliza jambo ambalo hukuliandika lakini litakujia mwezi wa kumi: fedha za mnada zitaingia kwenye akaunti ya nani? Ikiwa ni ya mumeo, na mkono wake wa kulia umelala, sahihi yake ya zamani hataweza kuitia. Nendeni benki sasa, akiwa anaweza kukaa na kuitika, muulize utaratibu wa dole gumba na wa kukuidhinisha wewe. Ukingoja mpaka Oktoba utakuta foleni, na deni halitakusubiri.

Kwa fundi usiende. Mtume (s.a.w.) amesema anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, swala yake haikubaliwi masiku arubaini (Muslim). Usiku ule unaoamka kusali, utautupa kwa mkono wako? Na hizo 300,000 zinazidi mtaji uliobaki kwenye deni kwa 80,000. Kiharusi mara nyingi hutokana na shinikizo la damu, na hatari kubwa ya kiharusi cha pili ni mgonjwa kuacha vidonge vya presha kwa sababu anajisikia nafuu, au kwa sababu fundi ameagiza aviache. Ahudhurie kliniki na afanyishwe mazoezi ya viungo kila siku kama alivyoelekezwa. Kama unaogopa jicho au uchawi, msomee mwenyewe Fatiha, Ikhlas, Falaq na Nas, mara tatu tatu, umpanguse. Haina malipo. Shemeji mjibu kwa upole, na umpe kazi: awe mmoja wa wale watu wawili wa kwenda nao kwa mkopeshaji.

Hiyo ndiyo kazi ya mkono. Sasa ya moyo, ambayo ni ngumu zaidi.

Iko dua ambayo Anas bin Malik amesema alikuwa akimsikia Mtume akiisema kwa wingi (Bukhari): Allahumma inni a'udhu bika minal-hammi wal-hazan, wal-'ajzi wal-kasal, wal-bukhli wal-jubn, wa dhala'id-dayn, wa ghalabatir-rijal. Ina vitu vinane vya kuombewa kinga kwa Mungu, vilivyofungwa viwili viwili. Hamm ni hofu ya yajayo, hazan ni huzuni ya yaliyokwisha. 'Ajz ni kutaka na usiweze, kasal ni kuweza na usitake. Bukhl ni kuizuia mali isitoke, jubn ni kuizuia nafsi kwa woga. Mbili za mwisho zinatoka nje: uzito wa deni na kuzidiwa nguvu na watu. Ukiitazama barua yako, tano au sita kati ya hizo zimo. Ina maana hali yako ilijulikana na ikawekewa maneno miaka kama 1,400 iliyopita.

Isome asubuhi na jioni, polepole, ukisimama kila jozi. Usiku ukishtuka, jiulize ni ipi kati ya nane iliyokuamsha. Ikiwa hamm, andika kwenye daftari tendo moja tu la kesho kuhusu jambo hilo, funga daftari, useme Hasbiyallahu la ilaha illa huwa, 'alayhi tawakkaltu, yaani Mungu ananitosha, hapana mungu ila Yeye, kwake nimetegemea. Ikiwa hakuna tendo unaloweza, kwa mfano mume atasema lini tena, basi hilo umejua ni la nani; litaje kwa jina lake mbele ya Mola wako na usilirudie kulipangia. Litarudi. Dakika kumi baadaye litakuwa limerudi, na utalikabidhi tena. Watu wengi hukata tamaa hapa wakidhani hawakukabidhi sawasawa. Kukabidhi mara ishirini kwa usiku mmoja ni kukabidhi mara ishirini, na kila moja ina ujira wake. Ikiwa ni 'ajz, tendo la kesho liwe kumwomba mtu msaada, kwa jina lake na kwa saa yake.

Usiku wako pia tuupunguze. Unalala kwa kuchelewa ukiandaa unga wa vitumbua, unaamka kusali, unaamka tena kabla ya alfajiri kuchoma. Mwili huo hautapata utulivu hata usome nini. Mtume amesema mwenye kusinzia akiwa anasali alale kwanza, na Salman alimwambia Abu Darda kwamba nafsi yako ina haki juu yako, Mtume akasema Salman amesema kweli. Kwa sasa sali rakaa mbili na witri baada ya isha, soma Ayatul Kursi, ulale. Ukitoa salamu, inua mikono uombe kwa Kimakonde kama ndiyo lugha unayolilia. Mungu haombwi kwa Kiarabu pekee. Tahajudi, ile sala ya katikati ya usiku, utairudia nguvu zikirudi.

Usimpe Mungu tarehe. Kosa hili linawavunja wengi wanaosali sana: mtu anafunga siku saba akitarajia jibu siku ya nane, na lisipokuja kwa sura aliyoitaka anahesabu kuwa amekataliwa. Maryam aliamriwa kulitikisa shina la mtende (19:25). Shina la mtende mwanaume mzima halitikisi, sembuse mzazi aliyeishiwa nguvu. Tende zilidondoshwa na Aliyeamuru. Lakini mkono wake uliambiwa uguse. Kwako wewe shina hilo wiki hii lina matawi matatu: daktari, mkopeshaji, chama cha msingi. Kila moja siku yake, usiyabebe yote Jumatatu.

Na mumeo asiachwe nje ya haya. Ulimi umelegea, akili mara nyingi inasikia. Imran bin Husayn alipougua aliambiwa asali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Msaidie kutawadha kwa kikombe kimoja cha maji, hasa huko kwenu uwandani ambako ndoo ina thamani yake, akishindwa, atayamamu. Mlaze ubavu akielekea kibla, aitikie kwa kichwa au kwa macho. Ile dua ya vitu vinane uisome kwa sauti kando yake, jozi moja moja, ukimwachia nafasi ya kufuata hata kama kinachotoka ni sauti tu.